Kitenzi Kwanza, Istilahi Baadaye: Maoni kuhusu Ufundishaji wa Sayansi katika Shule za Msingi

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umeendeshwa katika majarida yetu kwa miongo kadhaa sasa, na aghalabu umejikita katika maswali mawili. La kwanza ni iwapo Kiswahili kina msamiati wa kutosha kubeba dhana za sayansi. La pili ni iwapo Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari na vyuo vikuu. Maswali yote mawili ni mazito, na makala haya hayakusudii kuyapuuza. Hata hivyo, kwa kuyakazia macho hayo mawili, tumelipa kisogo darasa ambalo Kiswahili kilikwisha kukabidhiwa sayansi tangu zamani, yaani darasa la shule ya msingi. Kwa upande wa Tanzania Bara, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali mwaka 1967. Hivyo kwa zaidi ya nusu karne mamilioni ya watoto wamefundishwa sayansi kwa lugha ambayo sisi tunadai kuwa tu wataalamu wake. Ni haki basi kuuliza: tumewafaa nini watoto hao na walimu wao?

Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba tumewafaa kwa istilahi, lakini hatujawafaa kwa lugha ya kufikiria. Somo la sayansi katika shule nyingi za msingi limegeuka somo la msamiati, na sisi wanaisimu tumechangia kuligeuza hivyo. Inapendekezwa kwamba ufundishaji uanze na vitenzi na maneno ambayo mtoto anayo tayari, na istilahi ifuate baada ya mtoto kuwa na jambo la kuliitia jina.

2.0 Kisa cha darasani

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alialikwa kuketi katika darasa la nne la shule moja ya kijijini. Alikwenda kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amewahi kushiriki katika vikao vya kujadili istilahi, na alitamani kuzisikia zikitumika. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba uvukizi ni kitendo cha kimiminika kugeuka kuwa gesi. Darasa likasoma kwa pamoja mara tatu. Mwalimu akauliza uvukizi ni nini, na mikono zaidi ya ishirini ikanyanyuliwa. Kila aliyeteuliwa alijibu sawasawa, neno kwa neno.

Mwishoni mgeni aliombwa aulize swali. Akauliza: shati lililofuliwa likianikwa juani, maji yake yanakwenda wapi? Darasa likanyamaza. Baada ya muda msichana mmoja aliyeketi nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Yanakauka." Mgeni akamwuliza yakisha kukauka yanakuwa wapi. Msichana akasema hayapo tena. Mvulana mmoja akasema yameingia ndani ya nyuzi za shati. Mwingine akapinga, kwa hoja kwamba shati kavu ni jepesi kuliko shati bichi, hivyo maji hayawezi kuwa yamo bado. Hakuna hata mmoja aliyetaja uvukizi. Kengele ikalia, na mwalimu, kwa adabu, akaomba radhi kwa niaba ya wanafunzi wake kwa kuwa "wamelisahau somo".

Kwa maoni yetu, watoto hao hawakulisahau somo. Somo lilikuwa ndiyo kwanza limeanza, kwa hoja ya yule mvulana kuhusu shati jepesi na shati zito. Mwalimu naye hakustahili lawama. Alifundisha kama kitabu kilivyomwelekeza, na kwa miaka mingi mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umekuwa wa kuchagua jibu sahihi miongoni mwa majibu yaliyotolewa. Mtihani wa namna hiyo humtuza anayekumbuka fasili, na hauna nafasi ya kumwuliza mtoto amejuaje.

3.0 Tulichokwisha kufanya

Haifai kuidharau kazi ya istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, limetoa orodha za istilahi katika matoleo ya Tafsiri Sanifu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kwa kazi hizi tulijibu hoja ya wale waliodai kwamba Kiswahili hakina uwezo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika shule za sekondari, ilihitajika ithibitishwe kwamba maneno yapo au yanaweza kuundwa. Pendekezo halikutekelezwa, lakini kazi ya kuunda maneno iliendelea.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo ilielekezwa juu, kwa mwanafunzi wa sekondari na chuo ambaye tayari anaijua dhana kwa Kiingereza na anatafuta kisawe chake. Mtu wa namna hiyo, akiambiwa "usanisinuru", mara moja hulifananisha neno na dhana aliyo nayo. Mtoto wa miaka kumi hana dhana hiyo ya kufananisha. Kwake usanisinuru ni sauti tu, kama jina la mji asioujua. Istilahi zilipoteremshwa kutoka katika kamusi hadi katika vitabu vya darasa la nne bila ya kubadilishwa njia ya kuzifikia, zikawa mzigo wa kukariri. Tuliwapa watoto majina ya vitu ambavyo hawajaonyeshwa.

Jambo jingine linahusu umbo la istilahi zenyewe. Nyingi kati yake ni nomino zilizonyambuliwa kutokana na vitenzi: uyeyukaji, ugandaji, uvukizi, usagaji. Nomino ya namna hii huficha mtenda na mtendwa, huficha wakati, na huficha sababu. Ukisema "uyeyukaji" hujasema kilichoyeyuka, wala kilichokiyeyusha, wala kwa muda gani. Mtaalamu huhitaji muhtasari huo kwa sababu maelezo mengine yote anayo kichwani. Mtoto anayaanza maelezo hayo sasa, na anayahitaji yote.

4.0 Utajiri na mitego ya lugha ya kila siku

Mfumo wa mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili ni hazina ambayo mwalimu wa sayansi angeweza kuitumia tangu siku ya kwanza. Chukua jozi hizi: yeyuka na yeyusha, chemka na chemsha, ganda na gandisha, kauka na kausha. Kitenzi cha kwanza katika kila jozi husimulia badiliko linalotukia katika kitu. Cha pili hudai awepo msababishaji. Mtoto anayesema "barafu imeyeyuka" anaweza kuulizwa, kwa lugha hiyohiyo, "imeyeyushwa na nini?" Swali la sababu, ambalo ndilo moyo wa sayansi, limo tayari katika sarufi yake. Halihitaji maabara wala kamusi.

Pamoja na hayo, lugha ya kila siku ina mitego, na ni wajibu wetu kuijua. Turudi kwa kitenzi "kauka". Waswahili husema "shati limekauka", na husema pia "maji yamekauka" au "kisima kimekauka". Kitenzi kimoja hutumika kwa kitu kilichopoteza maji, na kwa maji yenyewe yaliyopotea. Yule msichana aliposema maji yanakauka, hakukosea Kiswahili hata kidogo. Lakini kitenzi hicho, kinapotumika kwa maji, huufunga mlango wa swali kuhusu yalikokwenda, kwa kuwa kinaonekana kusema kwamba yamekoma kuwapo. Mwalimu anayelijua jambo hili angeufungua mlango kwa kufunika sufuria ya maji ya moto na kuwaonyesha watoto matone yaliyoshika kwenye kifuniko. Mwalimu asiyelijua atadhani mtoto ni mvivu wa kukariri.

Mifano ni mingi. "Yeyuka" hutumika kwa barafu juani na kwa sukari ndani ya chai. La kwanza huhitaji joto. La pili hutokea hata katika maji baridi, ila kwa taratibu zaidi, na huhitaji maji. Mtoto anayetumia kitenzi kimoja kwa mambo yote mawili anaweza kuamini kwamba ni jambo moja, na jaribio la vikombe viwili na vijiko viwili vya sukari latosha kumfumbua macho. Sifa ya "-zito" husemwa kwa jiwe, na pia kwa uji na mafuta; kwa hiyo mtoto akiambiwa mafuta ya kupikia huelea juu ya maji, hushangaa, kwani mafuta kwake ni mazito kuliko maji. Mshangao huo ni mahali pazuri pa kuanzia somo la kuelea na kuzama. Kwa watu wengi tairi la baiskeli hujazwa "upepo", si hewa. Mtoto huyo atakubali vipi kwamba hewa ipo hata pale pasipo na upepo? Neno "safi" nalo, likisemwa kwa maji, aghalabu humaanisha maji yanayoonekana meupe kwa macho. Ndiyo maana katika matangazo ya afya hatukutosheka na "maji safi", tukaongeza "na salama".

Mfano huu wa mwisho unaonyesha uzito wa suala lenyewe. Watoto wengi wa vizazi vilivyopita waliishia darasa la saba, na sayansi waliyofundishwa hapo ndiyo sayansi pekee waliyoondoka nayo. Kwa sayansi hiyo wanaamua leo kama wachemshe maji wakati wa kipindupindu au la, kama dawa ya kunyunyizia pamba yafaa kuhifadhiwa katika chupa ya soda, na kama mtoto anayeharisha anyimwe maji au azidishiwe. Mtu aliyekariri kwamba maji huchemka kwa nyuzi joto 100 za Selsiasi, lakini hakuwahi kusadikishwa kwamba maji meupe yanaweza kuwa na viini visivyoonekana, hana sababu ya kumaliza kuni zake kwa kuchemsha maji yanayong'aa.

5.0 Sarufi ya hoja na swali la mwanafunzi

Sayansi haiishii katika kutaja. Ina namna yake ya kuunganisha kauli: kukisia, kuwekea sharti, kulinganisha, na kukubali kwamba kauli imeshindwa. Kwa haya pia Kiswahili hakikuja mikono mitupu. Methali yasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tuiangalie kwa jicho la sarufi. Kiambishi -ki- kinaweka sharti. Kiambishi hu- kinatoa kanuni ya jumla isiyofungwa na wakati. Pamoja vinaunda kauli inayoweza kupimwa kwa kuangalia anga mwaka hata mwaka. Wakulima na mabaharia walioitunga walikuwa wameangalia, wakakumbuka, wakalinganisha. Kwa namna hiyohiyo wavuvi wa pwani hutofautisha bamvua na maji mafu, na kuyahusisha na umri wa mwezi.

Hata hivyo, methali haifundishi sayansi ikiwa itakaririwa tu kama fasili inavyokaririwa. Chukua "Dalili ya mvua ni mawingu." Darasa la tatu linaweza kuipima methali hii kwa mwezi mmoja kwa karatasi na kalamu ya risasi: kila siku watoto waandike kama asubuhi kulikuwa na mawingu, na kama mvua ilinyesha kabla ya jioni. Mwisho wa mwezi watakuwa na siku za namna nne: zenye mawingu na mvua, zenye mawingu bila ya mvua, zisizo na mawingu lakini zikanyesha, na zisizo na lolote. Hapo ndipo watakapolazimika kusema "huenda", "mara nyingi", "si lazima", "kadiri mawingu yanavyokuwa meusi ndivyo..." na "kungekuwa na upepo, yangepeperushwa". Haya ndiyo maneno ya sayansi. Hayamo katika kamusi yoyote ya istilahi, kwa kuwa kila mtu anadhani yanajulikana.

Thamani ya swali linalotoka katika maisha inaonekana katika kisa cha Erasto Mpemba, kinachojulikana vema nje ya Tanzania kuliko ndani ya madarasa yetu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari, Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi katika friji, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na baadaye wenzake walimcheka. Hakuacha kuuliza. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo kikiwa chuo kishiriki, alipofika shuleni kwao kutoa mhadhara, Mpemba alimwuliza tena. Osborne aliamua kulijaribu jambo lenyewe badala ya kulikataa, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja. Wataalamu hadi leo wanabishana kuhusu sababu, na baadhi yao wanatilia shaka kama jambo hilo hutokea kweli pale vipimo vinapochukuliwa kwa uangalifu. Ubishi huo hauipunguzii heshima habari hii. Mwanafunzi mmoja aliona, akauliza, akakataa kunyamazishwa. Na kwa zaidi ya nusu karne dunia imekuwa ikilipima swali lake. Yafaa tujiulize ni maswali mangapi ya namna hiyo yanayonyamazishwa katika darasa la nne, kabla mwulizaji hajapata ukaidi wa Mpemba.

6.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili ambayo hatuna budi kuyajibu. La kwanza husema kwamba, kwa kuwa mwanafunzi atasoma sayansi kwa Kiingereza sekondari, ni afadhali aanze mapema kwa lugha hiyo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilifuata fikra hii ilipoelekeza kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Malaysia ilijaribu njia kama hiyo kuanzia mwaka 2003. Mwaka 2009 serikali yake ikatangaza kwamba itauacha mpango huo, ingawa baadaye baadhi ya shule ziliruhusiwa kuchagua. Hoja yetu hapa si ya kizalendo. Ikiwa mtoto anayefundishwa kwa Kiswahili anakariri fasili ya uvukizi bila ya kujua shati limekauka vipi, kuibadilisha fasili hiyo kuwa ya Kiingereza hakumsogezi karibu na shati. Badala yake kunamnyang'anya yule mvulana uwezo wa kutoa hoja yake kuhusu shati jepesi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya watoto wengi, na kwamba mtoto wa Kisukuma au wa Kimakonde huja shuleni na vitenzi vingine. Hili ni kweli, na mifano tuliyoitoa hapo juu inatokana na Kiswahili cha wale wanaokitumia nyumbani na mitaani. Lakini pingamizi hili linaiimarisha hoja yetu. Ikiwa lugha ya nyumbani hutenganisha kuyeyuka kwa barafu na kuyeyuka kwa sukari kwa maneno mawili, mwalimu anapaswa kulijua hilo na kulitumia. Ikiwa haitenganishi, anapaswa kulijua hilo pia. Kwa vyovyote vile, istilahi iliyotupwa ubaoni haimfai mtoto huyo kuliko inavyomfaa mwenzake wa pwani. Inamfaa kidogo zaidi.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ya msingi ijenge akili ya kudadisi, na shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia. Kwa bahati mbaya, katika shule nyingi shamba lilibaki mahali pa jembe tu, na akili ya kudadisi ikaachiwa kitabu. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, pamoja na uamuzi wa kuipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, unatupa nafasi ya kulifikiria upya jambo hili. Kwa mintarafu hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, waandishi wa vitabu wafuate utaratibu wa kuanza na tukio, kisha kitenzi, kisha swali, na istilahi ije mwisho. Pili, vyuo vya ualimu vifundishe lugha ya sayansi kama sehemu ya mbinu za kufundishia, si kama orodha ya maneno magumu bali kama uchunguzi wa maneno mepesi yanayopotosha. Tatu, mitihani iwe na maswali machache yanayomtaka mtoto aeleze kwa sentensi zake amejuaje, hata kama usahihishaji wake utakuwa mgumu. Nne, na hili latuhusu sisi moja kwa moja, idara za Kiswahili zielekeze baadhi ya tasnifu za uzamili katika kukusanya maneno ambayo watoto wa mikoa mbalimbali huyatumia kueleza joto, hewa, uzito, kukua, kuoza na kuugua. Uchunguzi wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji mtafiti aketi nyuma ya darasa na kusikiliza.

Tulipokuwa tukijadili kama tuseme uvukizi au mvukizo, hatukukumbuka kwamba katika nyumba nyingi za pwani kuvukiza ni kazi ya chetezo, udi na nguo za harusi. Mtoto wa pwani anayesikia neno hilo kwa mara ya kwanza ana haki ya kufikiri moshi wenye harufu nzuri. Neno halikukosewa, na hapana haja ya kulibadilisha. Ila afundishwaye alipaswa kwanza aoneshwe maji yakiondoka katika shati, ayapime, abishane na wenzake kuhusu yalikokwenda, na baada ya hapo aambiwe kwamba jambo hilo alilolijua mwenyewe wataalamu wamelipa jina.

Yule msichana aliyejibu kwamba maji yanakauka bila shaka ni mtu mzima sasa. Alitupa jibu la Kiswahili fasaha, nasi tukalihesabu kuwa kosa.